Niliandika "Ndiyo" Mara Tano Bila Kuuliza

Wasomaji wenzangu, kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko wangu. Mkono wangu ni mzito, na herufi zangu zinaegemeana kama watu waliochoka. Barua hii imenichukua siku nyingi, na karatasi nilizopasua ni nyingi kuliko hizi mnazosoma. Pengine tahajia pia nimeikosea... Mimi niliishia darasa la nane. Mhariri akinirekebisha, nitamshukuru.

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Naishi peke yangu katika chumba kimoja Kipsongo, mjini Kitale. Tangu utoto mimi ni mwoga wa watu. Nikifika dukani na kukuta wateja wamejaa, nasimama nje mpaka watoke. Shuleni mwalimu aliponiuliza swali ambalo jibu lake nililijua, nilinyamaza, nikachapwa kama asiyejua. Kwangu fimbo ilikuwa afadhali kuliko macho ya watu!

Siwaambii haya ili mnihurumie. Nawaambia kwa sababu woga huo ndio uliovunja nyumba ya dada yangu.

Dada yangu anaitwa Nekesa. Tulizaliwa wawili tu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, na baba hatukumjua vizuri. Nekesa aliacha shule akiwa darasa la sita ili mimi nifike la nane. Alinifulia, alinipikia, alinikata nywele kwa wembe. Aliponiita hakutumia jina langu Simiyu. Aliniita "mwana wa mama."

Baadaye aliolewa na Barasa, karibu na soko la Myanga tulikokulia, huko Bungoma. Walijaliwa watoto wawili. Shemeji alikuwa akifanya kazi Webuye na kurudi nyumbani kila Jumamosi. Mimi nikaja Kitale kutafuta kazi.

Nilipata kazi ya kufagia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Mwenye saiba alikuwa mama mmoja wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Tulimwita Mama Cheptoo. Chini ya meza yake palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Siku moja alinikuta nimepiga magoti nikiipangusa vumbi kwa shati langu.

"Wewe, unaiombea ama unaipangusa?" akaniuliza. Wateja wakacheka. Nikatamani ardhi inimeze. Lakini yeye akasema, "Ichukue bana, ni yako. Jumapili tukienda kanisani, bakia hapa ujifunze."

Basi kila Jumapili nilibaki humo peke yangu, mlango umefungwa, mji mzima uko ibadani. Je, kuna mahali pazuri zaidi kwa mtu kama mimi? Kompyuta haikuangalii usoni. Ukikosea haicheki. Inakungoja tu.

Sikuwa na uwezo wa kununua programu, kwa hiyo nilitafuta zile za bure kwenye intaneti. Maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Nilikuwa na kamusi isiyo na jalada, na kila neno nililoshindwa nalo nililiandika kwenye karatasi. Ukurasa mmoja ulinichukua Jumapili nzima.

Sasa sikilizeni jambo lilivyoanza.

Nekesa alikuja kunitembelea. Aliniletea unga na kuku, akafagia chumba changu ingawa nilikuwa nimeshakifagia. Kisha akaketi kitandani, akaniambia, "Mwana wa mama, nina neno. Lisikie, na usilie."

Alikuwa amepimwa alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Alikuwa na virusi. Mtoto alizaliwa salama, na yeye alikuwa ameshameza dawa karibu mwaka mzima. Shemeji hakujua. Mama mkwe hakujua. Vidonge alivificha ndani ya gunia la mbegu za maharagwe.

"Ni wewe tu na Sista Prisca mnaojua," akasema. Sista Prisca ni muuguzi wa zahanati ndogo ambayo sitaitaja.

Nililia, ingawa alinikataza. Yeye akanichekesha. Akanieleza jinsi kadi yake ya kliniki ilivyoliwa na ndama, akasahau tarehe, akatembea hadi zahanati siku isiyo yake. Akarudi mikono mitupu. "Sasa ndama wangu ndiye anajua tarehe," akasema. "Kila asubuhi namuuliza, ati kliniki ni lini, ananiangalia tu!"

Alipoondoka sikuweza kula. Niliwaza: kama kungekuwa na kitu cha kumkumbusha... kitu kisichosahau... kisichoweza kuliwa na ndama!

Ndivyo nilivyoanza kutengeneza. Nilitumia programu moja ya bure ya kupanga namba na tarehe kwenye jedwali, na nyingine ya bure ya kutuma ujumbe wa simu kutoka kwenye kompyuta. Niliunganisha simu yangu kuukuu kwa waya. Siku ikifika, kompyuta ingetuma ujumbe yenyewe kwa kila aliyemo kwenye orodha. Kazi hiyo ilichukua miezi saba. Mara ujumbe ulikataa kwenda, mara ulienda mara ishirini kwa mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Jumapili ujumbe ulipokwenda sawasawa nilikuwa peke yangu, kama kawaida. Simu yangu nyingine ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa, nikasoma: "Kesho ni siku yako. Usikose."

Nilijua ni mimi niliyeuandika. Hata hivyo machozi yalinitoka. Hakuna mtu aliyewahi kunitumia ujumbe kama huo.

Nilijivunia sana maneno hayo. Sikutaja jina, sikutaja ugonjwa, sikutaja zahanati. Hata mtu mwingine akiusoma, atajua nini? Niliona nimefikiria kila kitu. Nikaanza kuota. Nilijiona nina kampuni, nina chumba chenye kompyuta kumi, na zahanati zote kutoka Kitale hadi Bungoma zinanitegemea!

Mama Cheptoo akaieleza kazi hiyo kwa mgeni mmoja kutoka Nairobi aliyekuwa akitafuta vijana wenye mawazo ya kampuni. Mgeni akasema atapita Jumatano aone kazi ikifanyika, lakini kwa wagonjwa wa kweli. Hakutaka kuona mchezo.

Nikaenda kwa Sista Prisca. Alifurahi, akazungumza na wagonjwa, na watano wakakubali namba zao nipewe. Alinipa namba hizo kwenye karatasi. Lakini hakuiachilia karatasi upesi. Tuliishika pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, akaniambia:

"Simiyu, kila mmoja mpigie mwenyewe kwanza. Muulize, simu ni yako peke yako? Mchana inakaa wapi? Nikutumie saa ngapi? Usitume kabla hujauliza. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Kwenye jedwali langu nikaongeza safu moja: "Ameulizwa?" Mbele ya kila jina palitakiwa kuandikwa ndiyo au la.

Jumatatu nikajaribu. Nilibonyeza namba ya kwanza, ya mama mmoja mjane. Nitamwita Mama Nafula, ingawa si jina lake. Simu ikalia. Sauti ya mama mzee ikasema, "Haro? Haro, ni nani huyo?"

Ningeanzaje? Ningejiita nani? Ningesema vipi habari ya dawa kwa mtu ambaye sijawahi kumwona?

"Haro? We mtoto, si uongee?"

Nikakata simu.

Jumanne nilijiambia nitapiga asubuhi. Kisha mchana. Kisha jioni. Jioni nikafungua jedwali, na mbele ya Mama Nafula nikaandika "Ndiyo." Nikashuka kwa wa pili: "Ndiyo." Wa tatu... wa nne... Wa tano alikuwa Nekesa. Yeye sikuona haja hata ya kujaribu kumpigia. Si ni dada yangu? Si namjua? "Ndiyo."

Wasomaji, nimeiba maembe nikiwa mdogo, nimedanganya mwalimu, lakini sijawahi kutenda kosa jepesi kama hilo. Ni neno moja tu, mara tano. Hata wino haukutumika!

Jumatano mgeni akaja na watu wawili. Walisimama nyuma yangu. Niliogopa kugeuka, nikaongea nikiangalia kioo cha kompyuta. Saa nne asubuhi nikabonyeza. Maneno yakatokea moja baada ya jingine: umetumwa, umetumwa, umetumwa, umetumwa, umetumwa.

Wakapiga makofi! Mama Cheptoo akanigonga mgongoni, akasema, "Kumbe nilikuwa nalala na simba chini ya meza!" Mgeni akanishika mkono akasema atarudi. Tangu siku hiyo sijamwona tena. Lakini wakati ule nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini Kitale.

Sikukumbuka kwamba Jumatano ni siku ya soko Myanga.

Yaliyotokea huko niliyajua baadaye kutoka kwa Situma. Situma ana kibanda sokoni cha kuchaji simu. Nyumba nyingi za huko hazina umeme, kwa hiyo watu huja na simu zao siku ya soko, wanamwachia Situma, wanaenda kuuza na kununua, kisha wanazichukua jioni. Zote hukaa kwenye ubao mmoja, zimewashwa, kila moja na kipande cha katoni chenye jina la mwenyewe. Kila mtu wa Myanga anajua hivyo. Mimi mwenyewe nilikulia hapo! Ningemuuliza Nekesa swali moja tu, angenijibu hivyo.

Saa nne asubuhi simu nne kwenye ubao wa Situma zililia kwa pamoja. Ni ile ya tano tu ambayo haikuwa hapo.

"Bana, mimi nilidhani ni bahati nasibu!" Situma aliniambia, na uso wake ulikuwa umesinyaa. "Simu nne zinalia mara moja! Nikasema, hawa watu wameshinda kitu. Nikafungua ya kwanza, nikasoma kwa sauti: Kesho ni siku yako, usikose. Nikafungua ya pili, ni hiyo hiyo! Nikaita watu. Nikasema kujeni muone, watu wa Myanga wamepata bahati! Nikasoma majina yote manne."

Watu walikusanyika. Walicheka, wakauliza ni zawadi gani, kama ni baiskeli ama ni ng'ombe. Simu moja kati ya hizo ilikuwa ya Mzee Wekesa, muuza kamba. Mzee huyu hakuwa na siri. Alikuwa amesimama kanisani na kujitangaza kwamba anaishi na virusi, na watu walimheshimu kwa hilo. Walimwita wakampa habari kwamba ameshinda.

Naye, kwa moyo wake mweupe, akasema, "Aa, hiyo si zawadi. Ni kliniki yetu. Kesho ni siku yetu ya dawa."

Yetu...

Situma aliniambia kwamba mzee alifunga mdomo mara moja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Majina yalikuwa yamesomwa tayari, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayetangaza washindi.

Nekesa alikuwa upande wa pili akiuza ndizi. Alipokuja kuchukua simu yake jioni, watu walimpisha njia. Hakuna aliyemsalimu. Situma akampa simu bila kumwangalia. Alifika nyumbani na kukuta habari imemtangulia, na mama mkwe amewatoa watoto nyumbani humo na kuwapeleka kwake.

Jumamosi shemeji akarudi. Hakumpiga, Mungu ni shahidi. Alilitoa sanduku la Nekesa nje, akalifuta vumbi, akaliweka njiani. "Umenificha ndani ya nyumba yangu," alimwambia. "Nimejua kutoka sokoni kama mtu wa kupita." Yeye mwenyewe hakwenda kupimwa. Watoto walibaki.

Mimi nilikuwa Kitale nikingoja mgeni wangu arudi.

Jumatatu simu ikaita. Ni Sista Prisca. Sauti yake ilikuwa chini. "Simiyu, nataka ukweli. Uliwauliza?"

Na hapo, wasomaji, nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi. Mngefanya nini? Nilisema, "Ndiyo, Sista. Niliwauliza wote."

Mara ya sita!

Aliniamini, wala hakuwauliza wagonjwa. Akaona basi kosa ni lake, pengine hakuwaeleza vizuri. Alienda nyumba hadi nyumba kwa miguu akiomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Wengine walimfungia mlango. Mama Nafula alimwambia kwamba hatakanyaga zahanati tena, aibu aliyopata inatosha. Sista alirudi kwake mara nyingi kumsihi. Alikataa. Aliacha dawa kabisa.

Kabla mvua za kupanda hazijaanza, Mama Nafula akafariki.

Nilienda kwenye mazishi yake. Sijui kilichonipeleka. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na migomba. Watu walisimulia jinsi alivyopenda utani na jinsi alivyowalea wajukuu. Mimi nilimjua kwa sauti tu. "Haro? We mtoto, si uongee?" Nilikuwa na maswali matatu ya kumuuliza, nikashindwa. Sasa nilikuwa nimepanda gari kutoka Kitale kuja kunyamaza mbele ya jeneza lake.

Sista Prisca aliniona. Alikuja akasimama kando yangu, akanishika bega kunifariji! Sikuweza tena. Nilimweleza pale pale, watu wakiimba. Kwamba sikumuuliza hata mmoja. Kwamba niliandika "ndiyo" mara tano kwa sababu niliogopa sauti za watu.

Aliondoa mkono wake begani kwangu taratibu. Hakunitukana. Alisema tu, "Nimezunguka miezi yote hii nikijilaumu, Simiyu." Kisha akaenda kuungana na waimbaji.

Alibaki mtu mmoja wa kuambiwa. Dada yangu alikuwa Kitale. Alikuwa amefika Kipsongo tangu alipofukuzwa, akapangisha chumba pamoja na mwanamke wa kanisa lake, akawa anafulia watu nguo. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika tano. Lakini hakuja kwangu. Tulikuwa tumekutana bombani mara mbili, na alinisalimu kama mtu anayesalimu jirani. Bado alidhani kilikuwa kisa cha bahati mbaya, na bado hakuweza kuniangalia. Je, akijua ukweli?

Nilimkuta nje ya chumba, mikono iko ndani ya karai. Nikamweleza yote. Niliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kuongea na mtu yeyote. Aliendelea kufua. Alikamua shati, akalikung'uta, akalianika, akachukua jingine.

Nilipomaliza akaniuliza, "Na mimi, mbona hukuniuliza?"

"Niliona nakujua, dada."

"Ningekuambia simu yangu Jumatano iko kwa Situma. Ningekuambia tuma jioni." Povu lilikuwa limemfika kwenye kiwiko. "Ni swali la dakika moja. Watoto wangu wananiita shangazi sasa, bibi yao amewafundisha hivyo. Kwa swali la dakika moja, Simiyu."

Aliniita Simiyu. Kisha akasema ana nguo za watu, niende.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Nekesa yuko hai, anameza dawa zake, anazichukua hapa hapa Kitale. Tukikutana ananijibu salamu. Hanitembelei. Jumapili nikisikia hatua mlangoni najua si zake, lakini huinuka kitandani hata hivyo...

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana mnaotengeneza vitu siku hizi kwa kompyuta, nawasihi kwa machozi: msifuate njia yangu. Programu za bure hazikunidanganya. Zilifanya kila nilichoziamuru, bila kukosea hata herufi. Mwongo nilikuwa mimi. Kama huna ujasiri wa kumuuliza mtu swali, huna haki ya kumsaidia. Nenda umwone. Jua simu yake inalala wapi na nani anaishika. Na yule unayempenda kuliko wote, unayesema unamjua, muulize yeye wa kwanza! Haya usiyategemee kwenye jedwali.

Nina jambo moja la kuwaomba. Mwezi uliopita Sista Prisca aliniandikia barua. Mzee Wekesa na mwingine mmoja wameuliza kama meseji zinaweza kurudi, kila mmoja kwa saa yake na kwa maneno yake, nao wako tayari nije niwaulize ana kwa ana. Kompyuta iko hapa pembeni, nimeifunika kwa shuka. Sijajibu barua hiyo. Ninaona kama nikiiwasha tena namkanyaga Mama Nafula, na kama nikiiacha nawasahau walio hai. Na Nekesa atasema nini?

Niambieni, niende Myanga au niache? Niandikieni kupitia kwa mhariri, anajua pa kunipata. Hata kama ni kunikemea, andikeni. Barua ya kunikemea nayo ni sauti ya mtu, na chumbani humu sijasikia ya mwingine kwa siku nyingi.